Robson na Hesabu ya Marejeleo

Leo nataka tumzungumzie mzee mmoja wa kemia, Richard Robson wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Australia. Tarehe 8 Oktoba 2025, akiwa na umri wa miaka 88, alitangazwa kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Wenzake ni Susumu Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na Omar Yaghi wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Marekani. Katika hao watatu nimemchagua Robson, kwa sababu maisha yake ya utafiti yanagusa jambo ambalo vyuo vikuu vyetu vinaliamua kila mwaka, na mara nyingi vinaliamua haraka mno: kazi ya mwanasayansi ipimwe kwa kitu gani?

Robson alizaliwa mwaka 1937 huko Glusburn, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Akasoma Oxford hadi shahada ya uzamivu, akapitia Caltech na Stanford kule Marekani, na mwaka 1966 akaajiriwa kuwa mhadhiri Melbourne. Hapo alifika na hapo akakaa. Fani yake ni kemia isokaboni, ile kemia inayoshughulika hasa na metali, chumvi na madini, na namna ioni ya metali inavyoshikana na molekuli zinazoizunguka.

Mwaka 1974 alipewa kazi ambayo ukiitazama unaona ni ya kawaida kabisa. Ilitakiwa mipira ya mbao ya kufundishia wanafunzi, kila mpira uwe ni atomi, na vijiti vya mbao viwe ndiyo vifungo vinavyoziunganisha. Ili vijiti viingie, karakana ya chuo ilipaswa kutoboa matundu, na fundi hawezi kutoboa popote anapotaka. Kaboni inayoshika atomi nyingine nne ina pembe zake maalumu. Nitrojeni ina zake, klorini ina zake. Kwa hiyo Robson akalazimika kukaa na kuonyesha, mpira baada ya mpira, tundu liwe wapi na pembe iwe ngapi.

Mipira ikarudi kutoka karakana. Robson akaanza kuunganisha, na hapo akaona kitu. Ukishika mpira na vijiti vyako na kufuata matundu, umbo sahihi la molekuli linakuja lenyewe, huna haja ya kulifikiria. Ramani yote ya umbo tayari imo ndani ya matundu. Akajiuliza: ikiwa hivyo ndivyo ilivyo kwa mbao, itakuwaje mtu akifanya hivyo hivyo kwenye chupa ya maabara? Achukue ioni ya metali ambayo kwa tabia yake inapenda kushika vitu vinne, aipe molekuli ndefu yenye mikono minne, kisha aziache zenyewe zijenge.

Kila mwaka alipoitoa mipira ile kwa ajili ya wanafunzi wapya, wazo lile lilimrudia. Na kila mwaka hakulifanyia kazi. Ilipita zaidi ya miaka 10 kabla hajalijaribu.

Alipolijaribu, alianza na umbo la almasi. Msikilizaji, almasi ile inayochimbwa Mwadui kule Shinyanga ni kaboni tupu, na kila atomi ya kaboni imezishika nyingine nne, kila upande, bila kuacha nafasi ya maana katikati. Robson alitaka umbo lile lile, ila lililotanuliwa. Mahali pa kaboni akaweka ioni ya shaba. Mahali pa kifungo kifupi akaweka mkono wa molekuli kubwa ya kaboni yenye mikono minne, na ncha ya kila mkono ina nitrojeni inayopenda kujishika kwenye shaba. Wanakemia wengi wa wakati ule wangekwambia kwamba ukivichanganya vitu hivyo utapata tope la vitu vilivyosokotana ovyo. Haikuwa tope. Ilikuwa fuwele, yenye mpangilio wa almasi, lakini ndani yake mna nafasi kubwa zilizo wazi. Lifikirie jukwaa la mirunda ambalo mafundi hulisimamisha kando ya ghorofa linalojengwa: miti ni michache, hewa ndiyo nyingi, na bado lina umbo kamili juu, chini na pembeni.

Makala ya kazi hiyo, aliyoiandika pamoja na Bernard Hoskins, ilitoka mwaka 1989 katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani. Mwaka 1990 wakatoa nyingine, ndefu zaidi, yenye fuwele nyingine za aina hiyo, ambazo nitaziita viunzi kwa kuwa zimesimama kama jukwaa lile. Humo Robson alionyesha jambo ambalo nitalirudia baadaye: alitumbukiza fuwele katika kimiminika chenye ioni za aina nyingine, na zile ioni za nje zikaingia, za ndani zikatoka. Zilibadilishana nafasi na kiunzi kikabaki kimesimama. Akasema vitu vya namna hii siku moja vitaweza kutumika hata kuharakisha mimenyuko ya kemikali.

Sasa niwe mkweli. Fuwele za Robson zilikuwa dhaifu. Nyingi zilivunjika upesi, na ukiondoa kimiminika kilichomo ndani, umbo linaporomoka. Walikuwepo wanakemia waliosema kwamba hivi ni vitu vya kupendeza visivyo na kazi. Waswahili tunasema chema chajiuza. Kwa Robson hakikujiuza hata kidogo, kilihitaji watu wengine wawili waliokuwa tayari kukibeba.

Kitagawa alikuwa mmoja wao. Alianza kwa kutengeneza viunzi ambavyo hata yeye hakuweza kueleza vina manufaa gani, na alipoomba fedha za utafiti alinyimwa, maana madini yaitwayo zeolaiti yalikuwapo zamani, nayo yana vitundu na yanastahimili joto, sasa hiki kipya kinaongeza nini? Hakuacha. Mwaka 1997 timu yake ilitumia kobalti, nikeli na zinki kujenga kiunzi chenye mifereji iliyo wazi. Walipokikausha hakikuanguka, na kiliweza kuingiza methani, nitrojeni na oksijeni, kisha kuziachia tena.

Mwingine ni Omar Yaghi. Huyu alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba, ndugu wengi katika chumba kimoja na mifugo jirani yao. Akiwa na miaka 10 alipenya ndani ya maktaba ya shule, ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa, akavuta kitabu kwenye rafu na kukutana na michoro ya molekuli ambayo hakuielewa ila ilimteka. Akiwa na miaka 15 baba yake alimpeleka Marekani kusoma. Mwaka 1995 aliandika katika jarida la Nature juu ya kiunzi cha kobalti kilichostahimili joto la nyuzi 350 bila kuporomoka. Mwaka 1999 akaja na kile kinachoitwa MOF-5, kilichojengwa kwa zinki. Gramu chache tu za kitu hicho zina kuta za ndani ambazo zikitandazwa zinaenea uwanja wa mpira. Na ni kikundi chake kilichoonyesha, katika jangwa la Arizona, kwamba kiunzi cha aina hii kinaweza kunasa mvuke wa maji kutoka hewa kavu ya usiku na kuutoa ukiwa maji jua linapopanda.

Tukifika hapo ndipo hesabu inapoingia.

Kila makala ya kisayansi ina orodha ya kazi ambazo mwandishi amezitegemea. Kazi yako ikitajwa katika orodha ya mwenzako, umerejelewa mara moja. Eugene Garfield, kule Philadelphia, ndiye aliyepanga marejeleo hayo yote katika faharasa kubwa ya sayansi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nia yake ya awali, aliyoieleza mwaka 1955, ilikuwa kumsaidia msomaji: ukiwa na makala moja mkononi, ujue nani ameitumia baadaye, na nani ameipinga, ili usije ukajenga juu ya kitu ambacho kimekwisha kukosolewa. Ilikuwa zana ya maktaba. Miaka mingi baadaye, mwaka 2005, mwanafizikia Jorge Hirsch wa San Diego akatoa kipimo cha h. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20, h yako ni 20. Namba moja, rahisi kuandikwa kwenye fomu. Na kwa kuwa ni rahisi kuandikwa kwenye fomu, ikaandikwa kwenye fomu ulimwengu mzima.

Kwa kipimo hicho Yaghi ni jitu. Kazi zake zimerejelewa zaidi ya mara 200,000, na katika orodha ya wanakemia 100 wa kipindi cha 2000 hadi 2010, iliyopangwa kwa wastani wa marejeleo ya kila makala, alikuwa wa pili duniani. Robson, aliyeanzisha njia ile, yuko mbali sana nyuma yake.

Je, hesabu imedanganya? Mimi nasema hapana, si hapo. Viunzi vya Yaghi vilisimama imara, mwanafunzi wa China au Ujerumani angeweza kuvitengeneza maabarani kwake na kuvijaza gesi, na ndiyo maana maelfu ya watu walivitumia na kuvitaja. Marejeleo yanaonyesha kwa uaminifu mahali watu wengi walipoegemea. Wanaosema namba hizi hazina maana yoyote wananikera karibu sawa na wale wanaoziabudu.

Lakini kuna mambo ambayo namba haiwezi kuyaona kamwe, na Robson anayaonyesha vizuri kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

La kwanza ni ile miaka kati ya 1974 na 1989. Wazo lililokuja kuzaa Nobel lilikaa kichwani mwa mwalimu, likirudi kila alipowatolea wanafunzi wa mwaka wa kwanza mipira ya mbao. Halikuwa na makala, kwa hiyo halikuwa na rejeleo hata moja. Lau ungemuuliza Robson mwaka 1980 atoe ushahidi wa wazo lake kubwa kuliko yote, angekuonyesha matundu. Na wazo lilitoka darasani! Lilitoka katika kazi ya kufundisha, ile kazi ambayo katika mbio za kupanda vyeo huwekwa nyuma kila siku.

La pili ni kwamba kazi ikishaingia sana katika fani, watu huacha kuirejelea. Kabla ya viunzi hivi Robson alikuwa tayari amejipatia jina. Mwaka 1970 alichapisha katika jarida la kemia la Australia molekuli ya duara inayoweza kushika ioni mbili za metali kwa pamoja, bega kwa bega, jambo linalofanana na yanayotokea ndani ya vimeng'enya vyenye metali mbili. Leo wanakemia wanasema tu kwamba wametumia molekuli za aina ya Robson, na wengi hawaoni haja ya kutaja makala yenyewe. Jina limegeuka kuwa jina la kitu.

Babu wa fani nzima yamemkuta makubwa zaidi. Alfred Werner, kijana wa miaka 26 mjini Zurich, aliandika mwaka 1893 makala iliyoeleza jinsi metali inavyoweza kuzungukwa na vitu vinne au sita katika pembe maalumu. Akapata Nobel mwaka 1913. Matundu ya Robson, shaba ya Robson, kobalti ya Yaghi, vyote vinasimama juu ya makala ile. Ni nani anayemrejelea Werner leo? Wachache mno, kwa sababu mafundisho yake yamo katika kila kitabu cha kemia cha sekondari, na hakuna anayerejelea kitabu cha sekondari. Ukichukua namba zake za mwaka huu ukazipeleka mbele ya kamati ya chuo bila jina, sina hakika kama angepewa hata uhadhiri mwandamizi.

Upande wa pili kuna Robert Shannon, mwanakemia wa kampuni ya DuPont. Mwaka 1976 alichapisha makala ambayo kiini chake ni jedwali la ukubwa wa ioni: ioni hii ya metali ina nusu kipenyo kadhaa ikizungukwa na vitu vinne, na kadhaa ikizungukwa na sita. Makala hiyo imerejelewa makumi ya maelfu ya mara. Ni kazi nzuri, ya uangalifu mkubwa, na naiheshimu. Mtu akiwa kazini na fuwele mpya anataka kujua kama ioni ya nikeli itaenea mahali pa ioni ya magnesi, anafungua jedwali, anasoma namba mbili, anaandika rejeleo. Lakini rejeleo hilo na lile la mtu aliyebadilishwa fikra zake zote na makala ya 1989 yanahesabiwa sawa, moja na moja.

Sasa tuje nyumbani. Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki mhadhiri anayetaka kupanda cheo huhesabiwa machapisho, na katika miaka ya karibuni marejeleo nayo yamezidi kuingia katika wasifu na mijadala. Tanzania, Wizara ya Elimu imekuwa ikitoa tuzo za fedha kwa watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi. Naziunga mkono tuzo hizo. Mtafiti wetu anafanya kazi katika mazingira magumu, na kumtia moyo ni haki yake. Hofu yangu ni pale hadhi ya jarida na wingi wa marejeleo vinapochukua nafasi ya kusoma kazi yenyewe.

Maana mwanakemia isokaboni wa kwetu anaanza mbio akiwa nyuma. Robson alipopata fuwele yake alimtegemea Hoskins, mtaalamu wa kusoma umbo la fuwele kwa miale ya eksirei, aliyekuwa naye chuo kimoja. Bila kipimo kile hakuna makala, kwa sababu kwa macho unaona punje zinazong'aa tu, huwezi kujua ndani zimejipangaje. Maabara nyingi za ukanda wetu hazina mashine hiyo. Mtafiti anafunga punje zake katika kichupa na kuzituma ng'ambo kwa rafiki, kisha anasubiri. Zikichelewa, pengine mtu mwingine kwingineko anachapisha kabla yake. Namba ya marejeleo itakayotoka mwishoni inapima akili yake na inapima pia umbali wake na mashine, na ukiisoma kwenye fomu huwezi kutenganisha.

Kisha kuna maswali ambayo thamani yake iko hapa hapa. Watu wa Arusha na Meru wanajua ninachozungumzia. Maji ya sehemu nyingi za kule yana floridi nyingi inayotoka katika miamba ya volkano. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima na vijito vinavyokipita mara nyingi. Watoto wanaota meno ya kahawia, na mtu aliyekunywa maji hayo miaka mingi anaweza kupinda mifupa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko huko Arusha, kimefanya kazi miaka mingi juu ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwa joto linalodhibitiwa, inasagwa, inapangwa katika ndoo yenye bomba, na maji yanapitishwa humo. Joto likizidi au likipungua, mkaa unapoteza nguvu au maji yanatoka na harufu. Kinachofanyika ndani ya ndoo ile ni kemia isokaboni safi. Madini ya mfupa yana kalsiamu na fosfeti, pamoja na ioni za haidroksili, na ioni ya floridi inapopita inachukua nafasi ya haidroksili na kubaki humo.

Ioni moja inaingia, nyingine inatoka, kiunzi kinabaki. Ndilo jambo lile lile ambalo Robson alilionyesha katika fuwele zake mwaka 1990. Mmoja alilifanya katika kitu kipya ambacho hakikuwahi kuwapo duniani, akapata Nobel. Mwingine analifanya kwa mfupa wa ng'ombe, katika mkoa mmoja, kwa tatizo ambalo mwanakemia wa Oslo au Osaka hana sababu ya kulirejelea. Makala inayopima joto bora la kuchoma mifupa na siku ambazo ndoo moja inadumu kabla ya kubadilishwa inaweza kurejelewa mara 15 maisha yake yote, na ikawa imeokoa meno ya watoto wa vijiji vizima.

Kwa hiyo ninalo ombi kwa wenzetu mnaokaa katika kamati za vyeo na za tuzo, Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko. Namba ziangalieni, ila mwombeni kila mtafiti alete makala mbili anazoziona kuwa bora, na wajumbe wawili wazisome kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kikao. Pale utafiti unapohusu maji, udongo au dawa za mahali fulani, mwiteni mtu wa mradi wa maji au mganga wa wilaya aeleze kama kazi ile imefika kwake na imebadilisha nini. Na mwulizeni mtafiti anafundisha nini, na ni wazo gani limemrudia mwaka hadi mwaka akiwa darasani ambalo bado hajapata nafasi ya kulijaribu. Akiwa nalo, mtafutieni muda na kemikali za kulijaribia.